Tangi la Chini

Kwenye baa ya Waruguru pale Kawangware, samaki walikula kabla ya watu. Okello alilijua hilo kuliko yeyote, kwa sababu ndiye aliyewalisha, na kila asubuhi chai yake ilipoa juu ya kaunta huku yeye akiwanyunyizia uduvi.

Kaunta yenyewe ilizungushiwa wavu wa chuma kama baa nyingine zote za mtaa. Mteja anapitisha pesa kwenye kitundu, na chupa inatokea kitundu hicho hicho. Waruguru aliliweka tangi la samaki ndani ya wavu, nyuma ya chupa, ili walevi wasije wakalitilia majivu ya sigara. Okello naye akawekwa humo humo, auze bia na kuangalia samaki. Waruguru akitoka kwenda sokoni alifunga kufuli kwa nje, na wateja wakazoea kuuliza, "Leo tunaangalia samaki ama tunaangalia Okello?"

Hakuzaliwa ndani ya wavu. Alikuwa fundi wa vioo Kibera, kule Soweto West, akitengeneza madirisha na fremu za picha. Waruguru alikwenda harusini Mombasa, akaona samaki wa bahari kwenye hoteli, manjano na buluu, akarudi mtu mwingine kabisa. Alimtafuta fundi, fundi akatengeneza tangi, na siku ya kulijaza Waruguru akamwuliza nani atalitunza. "Si wewe ndiye umelitengeneza?" Mtu mwenye akili angesema hapana. Okello alikuwa na ugonjwa wa kusema ndiyo, ugonjwa ambao haujapata dawa hadi leo.

Almasi yake ya kukatia vioo, ambayo fundi wa vioo bila hiyo ni mpita njia tu, ilifungiwa kwenye droo ya pesa eti isipotee. Ufunguo wa droo ulining'inia shingoni mwa Waruguru. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Na maji ya chumvi ni bwana mkali. Yanapungua kila siku, lakini chumvi haiendi popote, inabaki na kuzidi ukali. Lazima mtu aongeze maji baridi, yasiyo na chumvi, kikombe kwa kikombe, afyonze uchafu kwa mpira, alishe, apanguse. Krismasi Okello alikwenda nyumbani kidogo tu, na aliporudi alimkuta yule samaki wa manjano, kipenzi cha Waruguru, akielea tumbo juu. Tangu siku hiyo neno likizo halikutajwa.

Mvua za Machi zilipoanza, mkewe Risper alitoka Kibera kwa miguu akaja kusimama mbele ya wavu kama mteja.

"Baba Akinyi, kumenyesha nyumbani," alisema. "Mama amepanda ya kwake. Sasa ni wewe."

Okello aliacha kupangusa chupa. Kwao Ugenya, shamba lina foleni. Baba akiwa amekufa, mama anaanza, halafu kifungua mimba na mkewe, halafu ndugu wanaofuata. Mdogo akimruka mkubwa anaita chira nyumbani, laana ya kuvunja mwiko, na chira haichagui, inabeba hata mtoto aliye mgongoni. Kwa hiyo wadogo zake wawili, Opondo na yule wa mwisho, walikuwa wamesimama na majembe wakiitazama ardhi iliyolowa. Wake zao pia, na watoto wao. Boma zima lilikuwa linamngoja mtu aliye ndani ya wavu Kawangware.

"Si ningeenda mimi," Risper alisema, akipunguza sauti. "Lakini unajua hiyo kitu inataka watu wawili."

Okello alijua. Mbegu ya kwanza hutanguliwa na mambo ya mume na mke, katika nyumba yao wenyewe, na hayo hayatumwi kwa basi. Aliona haya, akaangalia chupa.

Jioni alijikaza akamwambia Waruguru. "Madam, naomba niende nyumbani nipande."

"Kwani huko hakuna watu wa kupanda?"

"Wako. Lakini wananingoja."

Waruguru alicheka, si kwa ubaya. "Sikiza, fundi. Siku hawa samaki watajilisha wenyewe na wajioshee wenyewe, utaenda. Na almasi yako nitakupea. Nimesema."

Mwingine angeyachukulia maneno hayo kama tusi. Okello aliyachukua kama vipimo vya dirisha. Jamaa wa Mombasa aliyekuwa akileta samaki aliwahi kumweleza kuwa zile hoteli kubwa huficha tangi la pili chini ya lile linaloonekana, na kazi yote hufanyika huko chini. Okello hakulala vizuri usiku ule, akilijenga kichwani.

Alipomweleza, Waruguru alifungua droo, akampa almasi, akamsimamia mpaka kioo cha mwisho kilipokatwa, kisha akanyoosha mkono irudishwe. Okello aliligawa tangi la chini kama ploti za Kawangware, vyumba vitatu vinavyopakana ukuta. Maji yanateremka kwa paipu na kuingia chumba cha kwanza, ambacho kina kipande cha godoro cha kunasa uchafu. Yanaruka ukuta na kuingia cha pili, kwenye majani ya baharini chini ya balbu inayowaka usiku kucha. Majani yanakula sumu ya mavi ya samaki, na katikati yake vinazaliana vidudu vidogo mno ambavyo huko juu vingemezwa kwa siku moja tu. Hapo ndipo kimbilio lao. Chumba cha tatu kina pampu, na pampu inayarudisha maji juu pamoja na vidudu vichache vilivyopotea njia, ambavyo huwa chakula. Mzunguko mzima, bila mkono wa mtu.

Kulieleza ni rahisi. Gundi ya vioo, ile inayonuka siki, haijali mvua ya mtu. Ikikawia kukauka, inakawia. Jaribio la kwanza stima ilipotea, pampu ikanyamaza, na maji ya juu yakajifyonza yote kurudi chini, ambako Okello alikuwa amejaza mpaka ukingoni. Wateja waliinua miguu juu ya viti na kushangilia. Akajifunza kuliacha tangi la chini nusu tupu, na kutoboa kijitundu kwenye paipu ya kupandisha ili ivute hewa pampu ikizima. Majani ya kwanza kutoka Mombasa yalioza ndani ya basi. Ikabidi kungoja mengine.

Risper alirudi. "Opondo anauliza."

"Mwambie kidogo tu."

Akarudi tena. "Majirani wanapalilia, Baba Akinyi. Watu wanapalilia na kwetu ni nyasi."

"Kidogo tu, nimebakisha njia ya kuongeza maji."

Risper alisogea karibu na wavu. "Wewe toka. Acha hao samaki wafe."

"Na almasi?"

Risper aligeuka. Aliondoka, na safari hiyo hakuaga. Kweli, Okello angeweza kutoka. Kufuli halikuwa likifungwa siku nzima. Lakini alikuwa amefika mahali ambapo kazi imemshika mtu shingoni, na alijidanganya kwamba ni Waruguru aliyemshika.

Njia ya kuongeza maji aliipata kwa kukumbuka kuku wa mama yake. Kuna kile chombo cha kuwanyweshea vifaranga, chupa iliyopinduliwa kwenye sahani. Maji yakipungua, chupa inatoa kidogo, yakifika mdomoni inaacha. Okello alipindua mtungi wa maji baridi juu ya chumba cha tatu, akaufunga kwa waya. Maji yalipungua, mtungi ukaguna, glup, ukatoa kidogo, ukanyamaza. Alicheka peke yake ndani ya wavu mpaka machozi yakamtoka.

Waruguru alimkataza kugusa chochote, aone kama kweli samaki watajitunza. Okello akakaa mikono mapajani akiuza bia, na samaki wakanenepa. Maji yalikuwa maangavu mpaka mteja mmoja akauliza kama yamo kweli. Waruguru alikuwa mtu wa neno lake. Asubuhi moja alivua ufunguo shingoni, akafungua droo na kumwekea almasi kiganjani.

"Enda ukapande. Fundi ni wewe."

Alifunga mkoba. Aliuacha mlango wa wavu wazi nyuma yake, akavuka ukumbi wa baa. Mlangoni palisimama Opondo, mdogo wake, viatu vikiwa na matope mekundu ya nyumbani.

"Opondo! Nilikuwa nakuja. Nimepewa ruhusa."

"Usikuje, brother."

Okello alidhani kuna msiba. "Mama?"

"Mama ako sawa. Tumepanda." Opondo alikuwa akiongea na matope ya viatu vyake. "Wazee walikaa. Walisema watoto hawawezi kufa njaa juu ya mtu mmoja. Wakasema tukuhesabu mtu amepotea, kama wale hawarudi. Saa hii mkubwa ni mimi."

"Wewe ndiye ulianza?"

"Mimi na bibi yangu. Mahindi iko hapa." Alionyesha goti. "Ukikuja, utapanda wapi? Utakuja nyuma yangu? Utatuletea mkosi."

"Na Risper anajua?"

"Yeye ndiye amenionyesha njia ya kufika hapa."

Opondo hakutaka soda, hakutaka hata kuketi. Alishikana mkono na kaka yake, akalia kidogo, akaenda zake. Okello alibaki mlangoni na mkoba mkononi, hai, mzima wa afya, na kwao amekwisha kufutwa kwenye foleni.

"Bado hujaenda?" Waruguru aliita kutoka jikoni. "Ukirudi utanikuta na msichana wa kaunta, nimeshaongea na mmoja wa Riruta. Hao samaki si hawataki mtu tena?"

Okello aliuweka mkoba chini. Aliingia ndani ya wavu, akapiga magoti mbele ya tangi la chini. Majani yalitikisika taratibu chini ya balbu. Huko juu samaki walizunguka, wameshiba, hakuna hata mmoja aliyekuja kwenye kioo kumdai uduvi kama zamani. Mtungi uliguna, glup, ukatoa kidogo.

Alifungua ule waya. Akautoa mtungi, akausukuma nyuma kabisa ya kreti tupu za bia, mahali ambapo msichana wa Riruta hangeuona. Kisha akachukua kikombe chake cha chai, akakisuuza, akaanza kuongeza maji kwa mkono.

"Madam," aliita, "haya maji bado yanataka mtu."