Uzito wa Daraja Umekwenda Wapi?

Siku redio ilipotangaza kwamba Mzani ametengenezewa filamu, kaka mtu aliruka kutoka kitini, akagonga goti kwenye meza, chai ikamwagika, na wala hakusema "yalaa". Alisema, "Umesikia? Wewe mtoto, umesikia?" Mtoto mwenyewe alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, mpiga pasi kwenye duka la dobi. Alikuwa amesikia vizuri sana. Alisimama na sufuria mkononi, akasahau kuitua.

Nikueleze kwanza huyu Mzani ni nani, maana bila hilo utaona watu wote hawa ni vichaa. Mzani ni shujaa wa kitabu cha katuni. Alikuwa karani wa kupima magunia ghalani, radi ikapiga mizani akiwa ameishika, na tangu hapo akigusa kitu chochote anaweza kukitoa uzito. Basi linaloangukia mtoni analidaka kama kikapu kitupu. Lakini uzito hauendi bure. Ukitoka kwenye basi unaingia mwilini mwake, na atatembea nao wiki nzima, viatu vikipasuka, vitanda vikivunjika, mpaka uishe polepole. Hapo ndipo kaka mtu alipokuwa anapandisha sauti, hata kwa watu ambao hawakumuuliza.

"Hao wengine wana ngumi tu!" angesema. "Anapiga jengo, linaanguka, anaruka zake anakwenda kulala. Huyo shujaa au mvunja nyumba? Mzani kila akikusaidia anaumia. Halafu kesho anakusaidia tena. Huyo ndiye mwanamume!"

Alikuwa mpokea simu wa hospitali, na wauguzi walimwita Profesa kwa sababu ya mihadhara hiyo. Ukimpigia kuuliza wodi ya wazazi ungeunganishwa, ndiyo, lakini ole wako laini iwe na shughuli. Kuhusu filamu za mashujaa alikuwa na msimamo ambao hata bunduki isingeuhamisha: wanaozitengeneza hawasomi. Wanatazama jalada, wanachukua jina na nguo, hadithi wanaitupa jaani. Na alikuwa akisema hayo kwa furaha, kama mtu anayesifia chakula.

Kaka huyu alikuwa haoni. Presha ya macho ilimwibia mwanga kidogo kidogo, na miaka mitatu nyuma ikamalizia kazi. Matoleo kumi na moja ya Mzani aliyasoma kwa macho yake. La kumi na mbili alisomewa na mdogo wake, Jumamosi ya kwanza ya mwezi, baada ya chakula cha mchana. Dada alibuni namna yake: "Kisanduku cha kwanza, juu kushoto. Daraja. Mvua. Mzani yuko chini, maji ya kifua. Anasema..." Na kaka, ambaye kwa miezi miwili alikuwa amegeukia ukutani, hataki kuoga, hataki mtu, siku ile aliketi kitandani akauliza, "Amevaa koti lipi?" Jioni yake akaomba maji ya kuoga.

Basi mwezi uliofuata dada akaenda kwa muuza vitabu kulifuata toleo la kumi na tatu. Muuza vitabu akatikisa kichwa. Hakuna la kumi na tatu. Wachapishaji wamefunga, hadithi imekatikia pale pale, Mzani kazama tope mpaka shingoni na uzito wa daraja zima tumboni, ndiyo basi tena.

Ungefanya nini? Usinijibu haraka. Kaka yako ameoga Jumamosi moja tu katika miezi miwili, na ameoga kwa ajili ya katuni. Dada alirudi nyumbani, akachukua kijitabu cha maelekezo ya mashine ya kufulia kutoka kazini, saizi ile ile, karatasi ile ile laini, akaketi kwenye kigoda, akafunua ukurasa. "Kisanduku cha kwanza," akasema, "juu kushoto." Alikusudia mara moja tu. Sasa alikuwa amefika toleo la arobaini na nane.

Kwa hiyo redio ilipoendelea kusema kwamba baada ya filamu kutakuwa na mjadala wa wapenzi wa Mzani ukumbini hapo hapo, na kaka akawa ameshashika simu ajiandikishe kuwa msemaji, dada aliona mwisho wake huu hapa. Wapenzi wa Mzani! Watu wanaojua!

"Kaka, siku hiyo kazini kuna mzigo," alijaribu.

"Omba ruhusa."

"Kaka, watu watajaa, joto..."

"Hata wakinikalia kichwani nitakwenda. Wewe una nini? Miaka mitatu tunasoma pamoja, leo unanirudisha nyuma?"

Akajikaza kisabuni, akaomba ruhusa.

Siku yenyewe saa nane mchana ukumbi ulifurika. Kulikuwa na watu wenye makoti marefu ya kijivu kama la Mzani, na mmoja kabeba mizani ya kweli begani, ya chuma, jasho linamtiririka na anacheka tu. Kaka alisimama mlangoni anasikiliza makelele yale kama mtu aliyefika kwao. "Wote hawa?" akauliza. "Wote hawa ni wa Mzani?" Dada akasema ndiyo, na kwa dakika chache hata yeye akasahau hofu, akacheka naye.

Wakaketi mstari wa nne. Taa zikazimwa, ngoma za muziki zikaanza kutikisa viti, na dada akamwinamia sikioni. "Ghala. Magunia mpaka juu. Yuko na penseli sikioni."

"Penseli ipo? Safi! Safi kabisa!"

"Radi. Mizani imewaka nyeupe. Ameanguka."

Kaka alimshika mkono akaubana mpaka vidole vikafa ganzi. Basi lilipoanguka mtoni alipiga kelele na ukumbi mzima. Mzani alipolidaka, kaka alisimama, na aliyekuwa nyuma yake wala hakulalamika, maana naye alikuwa amesimama. Jamani, ilikuwa raha! Dada alinong'ona mpaka koo likamkauka, na hakuongeza hata unywele.

Kisha likaja daraja. Mzani akaliinua kwa mkono mmoja, akaliweka ng'ambo, akapangusa mikono, akaondoka anapiga mluzi.

"Ehe?" kaka akauliza. "Amezama?"

"Hapana. Anatembea."

"Anatembeaje? Na uzito?"

"Hakuna uzito, kaka. Anatembea tu. Imekwisha."

Kaka akasimama gizani. "Uzito wa daraja umekwenda wapi?" akanguruma. "Nauliza! Umekwenda wapi?"

Watu wakaanza kumnyamazisha, lakini sauti nzito ikatoka mstari wa mbele: "Hata mimi nauliza!" Na nyingine nyuma: "Wametuibia!" Taa zilipowashwa nusu ya ukumbi ilikuwa inabishana na nusu nyingine, na mkata tiketi aliyepewa kazi ya kuongoza mjadala alikuwa amekumbatia kipaza sauti hajui aanzie wapi. Akaona afadhali ampe huyo aliyeanzisha.

Kaka alisimama mbele na fimbo yake nyeupe, akajitambulisha kuwa ndiye Profesa wa hospitali, akaongea. Loo, aliongea! Akasifia penseli. Akasifia sauti ya viatu kupasuka. Akasema aliyeigiza Mzani ana pumzi ya mtu aliyechoka kweli, apewe zawadi. Halafu akawageukia watengenezaji, akawachambua mfupa mmoja mmoja, kwamba ukimwondolea Mzani maumivu umebakiwa na winchi iliyovaa koti. Watu walivunjika mbavu. Dada, palepale mstari wa nne, alianza kupumua. Labda ataishia hapo.

Dereva wa lori, yule mwenye sauti nzito, akasimama. Alikuwa na mfuko wa nailoni kifuani. "Profesa, umesema yote. Mimi ninayo matoleo yote kumi na mbili, haya hapa, na..."

"Kumi na mbili?" kaka akamkatiza, kwa huruma kabisa. "Pole sana, ndugu yangu. Umeishia matopeni! Mimi ninayo arobaini na nane."

Ukumbi ukalipuka. Arobaini na nane! Watu wakapanda juu ya viti. Yako wapi? Nani kachora? Twende tukayaone, leo leo! Kaka akanyoosha mkono kuwatuliza, uso unang'aa, akawasimulia la kumi na tatu. Mzani amezama, hawezi hata kuinua kidole. Anakuja mama muuza maji, anamshika mkono amvute, na uzito nusu unamwingia yeye. Anapiga yowe, lakini haachii. Jirani anamshika yule mama. Mwingine anamshika jirani. Mstari unatoka mtoni mpaka sokoni, mpaka kila mmoja amebakiwa na uzito wa ndoo moja ya maji, na ndoo moja kila mtu anaiweza. Mzani anatoka topeni.

Mwalimu mmoja wa hesabu akasema taratibu, "Inakaa. Hesabu inakaa kabisa."

Dereva wa lori alikuwa bado amesimama. "Ni tamu," akasema. "Ningetoa lori langu iwe kweli. Lakini mimi nilimfuata mchapishaji mpaka mlangoni kwake, Profesa. Palikuwa na kufuli. Hakuna la kumi na tatu. Usituchezee."

"Sichezi."

"Halafu amesomaje, na haoni?" mtu akadakia kutoka nyuma, na vicheko vikazuka huku na huku, vile vicheko vya kuumiza.

Kaka hakutetereka. "Nasomewa na mdogo wangu," akasema. "Na mdogo wangu hajawahi kunidanganya hata nukta. Simama, mtoto. Waambie."

Jamani! Dada angeweza kusema yameungua. Angeweza kusema yameliwa na mchwa, na wangeondoka zao na shaka yao, na Jumamosi ingebaki Jumamosi. Akawatazama wale waliokuwa wanacheka. Akamtazama kaka yake, kidevu juu, anamsubiri. Akasimama.

"Hasemi uongo," akasema. "Mwongo ni mimi. La kumi na tatu nilitunga. Na yote yaliyofuata. Nilikuwa nimeshika kitabu cha mashine ya kufulia."

Hapo alitegemea wazomee, na hakuna aliyezomea. Dereva wa lori aliketi polepole. Lakini dada hakuwa anamwangalia dereva. Alikuwa anaangalia uso wa kaka yake unavyozimika. Kaka akampa mkata tiketi kipaza sauti chake, akasema asante, akatafuta njia kwa fimbo.

Njiani hakumshika kiwiko. Siku zote alimshika kiwiko. Leo alipita kando ya kuta, fimbo inagonga milango ya maduka, inagonga nguzo, dada yuko hatua mbili nyuma. Wakapita duka la dobi. Wakapita kituo cha mafuta. Wakaingia mtaa wa tatu.

"Toleo la kumi na tisa," kaka akasema ghafla, bila kugeuka.

"Ndiyo, kaka."

"Bovu."

"Nilikuwa na homa wiki ile."

"Ilionekana! Mtu anapigana na wezi ghalani, ukurasa unaofuata yuko harusini, hata koti hajabadilisha! Nililitetea toleo lile mbele ya wodi nzima ya upasuaji. Niliwaambia huenda mwandishi kafiwa."

"Nisamehe, kaka."

"Sijamaliza. La ishirini na sita, yule mama muuza maji anapomzika mwanawe." Akasimama. "Lile nililia kazini. Simu zinaita, mimi nalia. Nikasema huyu mwandishi ananijua. Sijui yuko wapi, lakini ananijua." Akagonga fimbo chini. "Kwa nini hukuniambia ni wewe?"

"Ungeacha kuamka."

Kaka akafikiri. Hakukataa. Watu walikuwa wanapita, mwenye baiskeli akapiga kengele, wakasogea pembeni, mgongo ukutani, bega kwa bega.

"Umeniaibisha leo," akasema.

"Najua."

"Na bado nina hasira. Kesho pia nitakuwa nayo, ujiandae."

"Sawa."

Kisha akahamishia fimbo mkono wa kushoto, akajinyoosha koti, akapangusa kiganja cha kulia kwenye suruali. Akamgeukia. Aliinamisha kichwa kidogo, huyu aliyemzidi miaka kumi na minne, aliyemfundisha kufunga kamba za viatu, akaunyoosha mkono mbele yake kwa heshima zote.

"Miaka mitatu nimetamani kukutana na wewe," akasema. "Shikamoo, mwandishi."

Dada alishika mdomo. Hakuna mdogo anayeitikia hiyo kutoka kwa mkubwa wake, haijawahi kusikika. Lakini mkono ulikuwa pale hewani, unasubiri, na haukuwa wa kaka yake tu, ulikuwa wa msomaji wake pia. Akaushika kwa mikono yake miwili.

"Marahaba," akaitikia, machozi yakimchuruzika.