Mkono Ulioshika Tupa

Nina miaka thelathini na minne, na wateja bado huniita msichana wa Motari. Miaka tisa nimeimaliza Uriri, kwenye karakana yake ya kutengeneza bunduki za watu wenye leseni, nikinuka mafuta ya mashine hadi kanisani. Kwa hiyo siku Mzee Motari aliponisukumia daftari la kazi na kusema, "Zilpah mwanangu, hii weka sahihi wewe, watu wazoee jina lako," nililia machozi ya furaha. Sikujali kwamba kazi yenyewe aliifanya yeye, siku niliyokwenda kumwona binti yangu shuleni Asumbi. Alikuwa amefunga sefti mpya, kile kidude cha kuzuia bunduki isifyatuke, kwenye bunduki kuukuu ya Ombui, mkulima wa Homa Bay anayetishia viboko wasimalize mahindi yake.

Miezi miwili baadaye, Jumatatu asubuhi, Afande Damaris aliingia na bunduki ile ndani ya gunia, na nyuma yake Ombui akiwa na pingu. Caleb, shemeji yake Ombui, alikuwa amepigwa risasi na kukatwa mguu.

"Huyu anasema alifungua sefti tu, traiga hakugusa," alisema afande. "Kama bunduki iko sawa, yeye ataenda kortini. Kama ni fundi aliharibu, basi fundi ndiye tutaenda na yeye."

"Mwenye sahihi afungue," Mzee Motari akasema, akavuta kiti, akaketi nyuma ya afande. Nilidhani ananipa heshima tena. Mjinga mimi.

Nilihakikisha haina risasi, nikavuta nyuma bolti, kile chuma kinachofunga mtutu, na kuirudisha, nikafunga sefti, nikabonyeza traiga. Kimya. Halafu nikafungua sefti, kidole changu kikiwa mbali kabisa na traiga, na pini ya kufyatulia risasi ikagonga. Tak! Ombui aliruka pamoja na pingu zake.

"Ombui, uliwahi kujaribu traiga sefti ikiwa imefungwa?"

"Asubuhi ile, dada. Nilikuwa naonyesha Caleb venye iko salama."

Maskini. Tangu alipobonyeza traiga, bunduki ilikuwa ikingoja sefti ifunguliwe tu.

Nikavuta bolti tena, nikaweka sefti katikati, pale inaposhika pini lakini bolti bado inachomoka. Nikaitoa, nikabonyeza kitufe cha pembeni, nikazungusha kifuniko cha nyuma hadi kikatoka pamoja na pini na springi yake. Springi ile inaweza kuvunja kidole, kwa hiyo nilisimamisha pini juu ya kipande cha ubao, nikakandamiza kwa uzito wangu wote, nikazungusha. Kichwa cha pini kikabaki kiganjani.

Hapo ndipo sefti hushika na kuvuta pini nyuma. Palikuwa pamelambwa na tupa, kile chuma cha kusugulia, kupita kiasi, hata sefti ikawa inashika pini bila kuivuta, na mistari ya tupa ilikuwa imeinama kushoto. Yangu huinama kulia, kama ya kila anayetumia mkono wa kulia. Mzee Motari hutumia mkono wa kushoto. Mama yake alimfunga mkono huo kwa kitambaa utoto mzima na akashindwa.

Nilimtazama. Akatazama dari. Nikajua papo hapo kwamba alijua kazi imeharibika tangu siku ile aliponipa kalamu. Nilitamani kumtupia bolti nzima usoni. Kosa langu nalikubali, niliweka sahihi kazi ambayo sikuigusa. Lakini kunifanya nilie kwa furaha!

"Afande, tupa iliyoharibu hapa si yangu," nikasema, nikamwonyesha mistari. Nikachukua chuma kidogo, nikakifunga kwenye jiliwa, kile kibanio cha mezani, na kupiga tupa mara tatu. Yangu ikainama kulia. "Sasa Mzee apige."

Mzee Motari alisimama polepole, akachukua tupa kwa mkono wa kulia.

Miaka tisa sikuwahi kuona jambo hilo. Tupa ililia na kuteleza, ikamchubua kidole. Mwanafunzi wa siku ya kwanza angepiga vizuri zaidi.

"Umeona, afande?" akasema. "Imeinama kulia. Mimi ni kama yeye tu. Huyu msichana anaogopa jela."

Msichana. Nilienda rafuni, nikatoa daftari la kazi na kulifungua ukurasa wa Ombui.

"Afande, tafadhali angalia wino."

Jina la Ombui, namba ya bunduki na maelezo ya sefti yote yalikuwa ya mzee, na yote yalikuwa yamepakazika, kwa sababu mkono wake wa kushoto huburuzika juu ya maneno aliyotoka kuandika. Kurasa zote za miaka tisa ziko hivyo. Nilikuwa nikimcheka, nikimwuliza atanunua kalamu mpya lini.

Afande Damaris alifuata mistari kwa kidole hadi chini ya ukurasa. Pale chini palikuwa na neno moja tu lililokuwa safi, na lilikuwa jina langu.