Mjane Hatembei Sokoni

Mume wangu Mwijage alifariki alfajiri, na kabla ya saa tatu nilikuwa nimevalishwa gauni la maua, nimepakwa mafuta usoni, nakwenda stendi kumpokea mama yake. Gauni sikulichagua mimi. Shangazi yake Mwijage, Felicitas, alilitoa kabatini, akanifungua kanga niliyokuwa nimejifunga kiunoni, akanifuta machozi kwa pindo la kanga ileile kwa nguvu kama anayesugua sufuria.

"Ukilia mbele yake, utamuua," aliniambia.

Baba mdogo Kashaija ndiye aliyepanga yote. Kwetu habari ya msiba haisemwi njiani. Mtu huambiwa mgonjwa hali yake si nzuri, akaletwa hadi nyumbani, akakalishwa, wazee wakiwepo, ndipo akaambiwa. Mama mkwe wangu, Ma Kokwijuka, alikuwa Izimbya kwa binti yake Evodia aliyejifungua, na alikuwa ametuma salamu kwamba atapanda gari la asubuhi aje kumwona mwanawe hospitalini. Simu hana, na hataki kuwa nayo. Wanaume walikuwa na kazi ya kutoa mwili mochwari na kuupeleka Kamachumu, kwenye kibanja, shamba la migomba la baba yake, kaburi lichimbwe na turubai lifungwe. Mchana gari jingine lingekuja kutuchukua sisi wawili. Mpaka hapo mtu alitakiwa amzungushe mama mjini, asifike hospitali, asikutane na jeneza.

"Utakwenda wewe, Judica," alisema Kashaija. "Akimwona mwingine yeyote atashuku. Akikuona wewe hatashuku. Mjane hatembei."

Ni kweli, mjane kwetu hukaa. Hukaa ndani, chini, miguu ameinyoosha, na watu ndio wanaomjia. Walinichagua kwa sababu siku hiyo mimi ndiye mtu wa mwisho aliyepaswa kuonekana barabarani. Wanaume wa ukoo huu ni hodari wa kupanga, kutekeleza wanatuachia sisi. Nilikasirika, tena sana, na hasira hiyo ndiyo iliyonifikisha stendi. Huzuni peke yake isingenifikisha hata kwenye geti.

Mama alishuka na chupa ya uji mkononi na furushi la chakula lililofungwa kwa majani ya mgomba. Nilipiga goti nikamwamkia. Akanishika kidevu, akanigeuza uso huku na huku.

"Umekonda."

"Ni kuuguza, Mama."

"Pole, mwana wange. Haya, twende hospitali kabla chakula hakijapoa."

"Saa hizi hawaruhusu watu kuingia. Mpaka mchana."

"Hata mama mzazi?"

"Hata mama mzazi."

Aliwaza kidogo. Nilimwona akitaka kubishana na madaktari ambao hawakuwepo. Kisha akanikabidhi furushi.

"Basi tutembee. Siwezi kukaa stendi kama mzigo uliokosa mwenyewe."

Hapo taabu ilianza. Bukoba ni mji, una benki na magari na kelele zote za mji, lakini ukipiga chafya Hamugembe, watu wa Kashai wanakuitikia. Mwijage alikuwa fundi wa pikipiki, na hakuna bodaboda asiyemjua. Kila mtu niliyemfahamu alikuwa hatari. Kwa hiyo badala ya kwenda sokoni moja kwa moja, nilimzungusha Mama kupitia daraja la Mto Kanoni, tukashuka kuelekea uwanja wa Kaitaba, tukaambaa na ukuta.

"Judica, soko limehamishwa?"

"Njia ile ina matope, Mama."

"Mvua ya Bukoba siku hizi inachagua mitaa?"

Nilicheka. Kicheko kilinitoka chenyewe, cha kweli, na papo hapo nikajichukia. Mume wangu hajapoa vizuri, nami nacheka barabarani nimevaa maua.

Karibu na lango la uwanja alisimama apumzike. Akaniambia kwamba hapo ndipo Mwijage alipompotea akiwa mdogo, siku ya mechi, na kwamba alimkuta baadaye mapajani kwa polisi anatafuna muwa wa polisi, hana habari. Nilikuwa nimeisikia hadithi hiyo tangu siku ya kuchumbiwa. Zamani ilikuwa inanichosha. Safari hii nilitamani isiishe, nikawa namuuliza: muwa ulikuwa mrefu? Polisi alisema nini? Alikuwa amevaa shati gani? Mama alinijibu kila kitu, akifurahi kwamba leo mkamwana wake ana masikio.

Kutoka hapo alitaka kuona ziwa. Tulisimama ufukweni, upepo ukitupiga, yeye akatafuta meli kwa macho, haikuwepo. Akaamua kwamba sasa lazima twende sokoni, matope yawepo yasiwepo, kwa sababu sakafu za hospitali ni baridi na hakuwa na hakika kama mwanawe ana kandambili.

"Anazo, Mama."

"Zile za kuogea zilizokatika? Nyamaza."

Sokoni alichagua kandambili za bluu. Alizikunja, akazinusa, akapima urefu wake kwa mkono wake mwenyewe, kuanzia kiwiko, kama alivyokuwa akipima miguu ya wanawe tangu wadogo. Mimi nilisimama pembeni nikiwa nimekumbatia furushi. Lilikuwa bado na joto kidogo. Nilijiambia kwamba likipoa kabisa kabla gari halijafika, nitaanguka.

Ndipo nikamsikia Muhidini akiniita kutoka ng'ambo ya barabara.

Muhidini ni fundi cherehani. Kibanda chake na cha Mwijage vimepakana, na kwa miaka mingi wamekunywa chai ya chupa moja. Alikuja mbio, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, akamshika Mama mkono kwa mikono miwili.

"Shikamoo Mama. Judica, nimekuona nimeshukuru Mungu. Asubuhi wamekuja watu hapa wananiambia ndugu yangu Mwijage hatunaye. Nimefunga kibanda, nilikuwa nakuja kwenu. Kumbe waongo. Mke wa marehemu hawezi kuwa sokoni ananunua kandambili."

Alikuwa na machozi. Hakuwa na kosa lolote. Mwili wangu uliosimama pale ndio uliomdanganya.

Mama aliuachia mkono wake polepole. "Nani amesema hivyo?"

"Watu tu, Mama. Watu wa mjini."

Akanigeukia. "Wewe umesikia?"

Nikasema, "Ni uzushi, Mama."

Alinitazama, kisha uso wake ukafunguka. Alicheka mpaka akajishika kiuno. Akamwambia Muhidini kwamba mtu akizushiwa kifo huzeeka mpaka anasahau meno yake alipoyaacha, kwa hiyo Mwijage atatuzika sisi wote. Muhidini naye akacheka. Watu wawili niliowapenda walisimama katikati ya soko wakifurahi, na hakuna kitu nilichowahi kufanya maishani kilichoniuma kama kule kuwaacha wafurahi.

"Sasa twende kanisani," alisema Mama. "Jambo kama hili halipitwi bila shukrani."

Nilijaribu kusema gari liko karibu. Hakunisikia. Alitangulia yeye, hatua za msichana, kandambili mkononi, akikata mitaa ile niliyokuwa nimeikwepa asubuhi nzima. Kanisa letu la Kilutheri lilikuwa wazi, ndani hamna mtu. Tulikaa benchi la mbele. Mama akafumba macho akasali kwa Kihaya, kwa sauti, kama anavyosali nyumbani. Alimshukuru Mungu kwa kuwaaibisha waongo. Alimshukuru kwa pumzi ya mwanawe. Alimshukuru kwa ajili yangu, kwamba mwanawe angekuwa amelala shimoni sasa kama si mke huyu asiyechoka.

Kumdanganya mama nilikuwa nimeweza. Kukaa pale nikisikiliza Mungu anashukuriwa kwa pumzi ya mtu niliyemfumba macho kwa vidole vyangu, sikuweza. Nilitaka kusema, lakini nilikuwa nimeahidi nisiseme. Nikateleza kutoka benchini mpaka kwenye saruji, nikanyoosha miguu, nikavua viatu.

Mama alisema amina, akafumbua macho, akanitafuta benchini. Kisha akatazama chini.

Aliiangalia miguu yangu iliyonyooka, mitupu. Halafu naye akashuka, kwa shida, kwa sababu goti lake moja ni bovu, akakaa kando yangu sakafuni.

"Lini?"

"Alfajiri."

"Alikuwa na nani?"

"Na mimi. Nilikuwa nimemshika."

Alitikisa kichwa. Machozi yake yalishuka bila sauti, akayaacha yashuke. Baadaye akauliza, "Kashaija ndiye aliyekukataza?"

"Ndiye."

"Basi hukuniambia kitu. Umesikia? Umetembea na mimi, tumesali, basi." Akanipangusa uso kwa kiganja, polepole, akanivalisha viatu mwenyewe, mguu mmoja mmoja. "Inuka. Tukimaliza kulia hapa, nyumbani watasema hukuweza kunyamaza, na maneno hayo yatakufuata mpaka uzeeni."

Gari lilitukuta nje ya kanisa. Kashaija alishuka, akamwamkia shemeji yake, akasema alichotakiwa kusema: kwamba mgonjwa amesumbua kidogo, kwamba wameona wampeleke nyumbani Kamachumu, kwamba tusiwe na wasiwasi.

"Asante, shemeji," alisema Mama. "Twende tukamwone."

Njia nzima hakulia. Alitazama migomba na mibuni inapita dirishani, akamuuliza Kashaija habari za mvua, akamjibu habari za mjukuu mpya wa Izimbya. Chini ya kanga yake alikuwa ameushika mkono wangu, na aliubana kwa nguvu kiasi kwamba vidole vilikufa ganzi.

Nyumbani watu walikuwa wamejaa uani. Walimwongoza Mama ndani, wakamkalisha mkekani, na wanawake wanne wenye mikono ya kazi wakamzunguka ili wamdake akiruka. Mimi nilisimama mlangoni, bado kwenye gauni la maua. Kashaija alikohoa, akasema, tena kwa upole, lazima nimpe haki yake, kwamba Mungu ametoa na Mungu ametwaa.

Mama alipiga yowe ambalo sijawahi kulisikia kwa binadamu. Lilikuwa limengoja tangu kanisani. Wanawake wakamrukia wakamshika mabega, mikono, kiuno. Yeye akawabandua mmoja mmoja.

"Niacheni mimi," alisema. "Mshikeni yule mlangoni. Amesimama tangu asubuhi."

Kashaija alinitazama. Wanawake wakaja wote wanne, nikawaangukia.