Uzi wa Meno wa Fundi Macharia

Fundi Macharia alikuwa na gego moja alilolipenda kuliko baadhi ya ndugu zake. Lilikuwa chini, upande wa kulia, na kwa miaka thelathini ndilo alilokatia uzi, maana mkasi wa duka lake la kushona nguo haukuonekana kamwe ulipohitajika. Mwaka ule shule zilipoingia mfumo mpya wa masomo, nane-nne-nne, na kila mzazi wa Eldoret akataka sare mpya, alikata nyuzi mpaka gego likaanza kucheza. Nyama ikapata pa kulala kando yake, ufizi ukavimba, hata chai ikawa haipiti bila kelele.

Daktari Adero, yule mama wa meno mwenye kliniki juu ya duka la mbegu, alimulika na tochi akaguna.

"Mzee, hili naweza kung'oa saa hii."

"Wacha kwanza, Daktari. Wiki mbili kutoka leo nina wageni wa posa."

"Basi kila jioni pitisha uzi katikati ya meno, polepole. Kuna ule wa madukani, lakini hapa Eldoret mimi sijauona. Tafuta ambao haukatiki, na pia haukuumizi. Yote mawili, Mzee."

Kumfundisha fundi wa nguo habari ya uzi! Macharia alishuka ngazi akicheka peke yake, huku ameshika shavu.

Wageni wenyewe walikuwa akina Oketch. Mzee Oketch alikuwa karani mstaafu wa reli, jirani waliyetaniana naye miaka kumi na mitano, na mwanawe Okello, mwalimu huko Chepkoilel, ndiye aliyekuwa akimtaka Mwihaki, kitindamimba wa Macharia. Kijana hakuwa na kasoro. Macharia alimtafutia kasoro mwezi mzima na hakuipata. Hakutaka tu Mwihaki aondoke, basi. Mkewe Wacera alimcheka wazi, akamwambia Chepkoilel mtu huenda kwa baiskeli na kurudi ugali ukiwa bado moto. Lakini Macharia mpango wake ulikuwa tayari: ale mbavu na wageni kama mwanamume, kisha awaambie warudi baada ya mavuno, na mavuno yakifika atafute sababu nyingine. Lakini baba anayekunywa supu kama mgonjwa atamkatalia nani? Kwa hiyo jino lilipaswa kufika siku hiyo likiwa zima.

Alianza na uzi wa pamba wa kushonea mashati. Ulikatika, kipande kikabaki ndani, akawa sasa ana nyama na uzi pia. Kesho yake akachukua wa nailoni, ule wa kushonea magunia ya mahindi.

"Huu ndio uzi," alimwambia Wacera. "Kitu cha kudumu lazima kiume kidogo."

Ni kweli haukukatika. Ulikata ufizi, na damu ikadondokea kaptura ya mtoto wa watu iliyokuwa kwenye cherehani.

"Ndiyo sababu watoto wanatembea kama bata na kaptura zako," Wacera alisema, akiifuta. "Wewe unauliza tu kama kitu kitadumu. Anayekivaa humuulizi." Macharia hakupenda kuambiwa hivyo, hasa kwa kuwa ilikuwa kweli.

Mchana huo Oketch akapita, akakaa kwenye benchi la wateja, akalitazama lile shavu kwa furaha. Yeye alikuwa wa rika ambalo Wajaluo waling'olewa meno sita ya chini wakiwa vijana, na pengo lake alilivaa kama medali.

"Macharia, mimi nilitoa sita siku moja na sikulia. Wewe moja tu, unalifanyia matanga."

"Yako yalitolewa na wazee. Langu linangojwa na mama mwenye koleo."

"Usijali. Siku ya wageni nitakutafunia."

Maneno hayo yalimchoma. Oketch alipoondoka tu, Macharia alivuta sanduku la chini akatoa uzi wa hariri, ule wa kutarizi kanzu za kwaya. Ulikuwa laini, lakini ulifumuka nyuzinyuzi. Akaupitisha kwenye donge la nta mara tatu, vile afanyavyo uzi wa vifungo, akaujaribu tena. Ukaingia bila ugomvi, ukazunguka, ukatoka mzima. Wiki ilipokwisha uvimbe ulikuwa umetoweka, na Daktari Adero akamwomba kipande akionyeshe wagonjwa wengine. Tangu hapo uzi ulikaa katika mfuko wa koti, na Macharia aliupitisha hata pasipokuwa na cha kutoa, kwa raha tu.

Siku ikafika. Macharia alitafuna mbavu mbele ya kila mtu, taratibu, akimtazama Oketch. Kisha msemaji wa wageni akasimama. Kwa desturi ya nyumba ile baba habishani. Wasemaji husema, mwishoni wote humgeukia yeye, akikubali kwa kichwa, juu na chini, jambo limekwisha. Huyo msemaji alianzia mbali, enzi za babu yake Oketch, na alipokuwa bado hajafika kwa Oketch mwenyewe, mkono wa Macharia uliingia mfukoni. Akafumba macho. Uzi ukaenda huku na huku, na kichwa nacho, kama kawaida yake, juu na chini, juu na chini.

"Basi Mzee," msemaji akauliza, "Mwihaki sasa ni wetu?"

Kichwa kikashuka na kupanda mara nne, kwa utulivu mkubwa.

Vigelegele ndivyo vilivyomfumbua macho. Oketch alikuwa ameshasimama, mikono wazi. Macharia angeweza kusema. Jino lilikuwa imara, na maneno ya mavuno yalikuwa kwenye ulimi. Lakini Mwihaki alikuwa mlangoni na sinia la vikombe, analia huku anacheka.

"Asante, Baba," alisema. "Nilidhani utakataa."

Ilimuuma Macharia, ilimuuma kweli, kuliko siku ya nailoni. Akauvuta uzi polepole. Ulitoka safi, bila hata kipande cha nyama.

"Nikatae nini," akasema, "na nimeshakubali mara nne? Nenda ukawape wazazi wako chai." Na kwa kidevu akamwonyesha Oketch na mkewe.