Kifuniko cha Nyuma

"Hivi saa ya mtu aliyekufa, unaitengeneza ili ikuambie nini?" jirani alimwuliza mjane, siku alipoonyeshwa saa ya marehemu ikiwa imefungwa kwenye leso. Mjane alicheka tu. Jibu alikuwa nalo: mwanawe wa pekee anaanza kazi Jumatatu, na alitaka aanze na saa ya baba yake mkononi.

Saa yenyewe aliletewa na shemeji yake, mdogo wa marehemu. Alidai ameikuta kabatini, ndani ya koti kuukuu. Miaka minne yote walijua iliibwa hospitalini, marehemu akiwa kitandani hajitambui.

Sasa walikuwa kwa fundi saa, chumba chembamba kinachonuka mafuta ya taa. Shemeji alijialika mwenyewe. Alikuwa ameketi kwenye benchi, anatafuna karanga na kutema maganda sakafuni.

"Fundi, ing'arishe mpaka nzi ateleze," alisema. "Kijana wetu asije akachekwa."

Fundi akakwangua katikati ya pingili za mkanda kwa kijiti, akapangusia kwenye karatasi. Ulitoka utando wa kahawia, mzito kama nta ya masikio, una unywele ndani yake. Mate yalimjaa mjane mdomoni. Akajituliza: ni jasho la mume wangu, nimelifua miaka ishirini.

"Huu si uchafu wa miaka minne kabatini, mama," fundi alisema. "Ungekauka. Huu laini. Saa hii imevaliwa juzijuzi."

Shemeji akakohoa. Fundi akafungua kifuniko cha nyuma, akakisogeza kwenye taa.

"Sisi mafundi tukifungua saa tunachora tarehe humu ndani kwa sindano. Mwenyewe haioni. Huyu mwenzangu kaandika tarehe kumi na moja, mwezi wa tatu, miaka minne iliyopita. Chini yake kaongeza: mkanda umepunguzwa pingili mbili."

Mumewe alikufa tarehe kumi na tisa ya mwezi huo. Tarehe kumi na moja alikuwa bado anapumua, na mjane amepiga magoti kando ya kitanda akimlilia Mungu. Tena mkono wa marehemu ulikuwa mnene. Mwenye mkono wa fito ni huyu mla karanga.

Lakini kilichomchefua hasa hakikuwa hicho. Alimkumbuka yule mama mfagiaji wa wodi, waliyemtuhumu kuiba saa. Ni yeye mjane, kwa mikono yake hii anayoiinua kuomba, aliyeumwaga mfuko wa yule mama mbele ya wagonjwa, vikatawanyika kitana, nguo ya kubadilisha na kipande cha mkate. Na shemeji nyuma yake: "Tafuta vizuri, shemeji, ndio zao hawa."

"Fundi," shemeji alisema, karanga zimemkwama shavuni, "hata huko ndani pasugue. Hayo makwaruzo yafute yote."

"Usiguse," mjane alisema. "Kifunge kilivyo. Saa hii sitengenezi."

"Sasa shemeji, kijana atavaa taka hii?"

"Mwanangu havai. Kinyaa hiki simwachii." Akaisukuma saa kwa ncha ya kidole mpaka ukingoni mwa meza. "Ivae wewe, si umeizoea? Ivae hapa hapa, kisha twende wote hospitali ukamwonyeshe yule mama."

Shemeji aliutazama utando pale kwenye karatasi. Akajipangusa mikono kwenye suruali, akainuka, akatoka.