Alama za Vidole

Mama msusi aliona mikono ya binti yake imevilia damu tena, akawaka.

"Mama, mume wangu hanigusi. Ngozi yangu ndiyo ilivyo," binti alijitetea.

Ngozi ipi? Binti alizaliwa na ualbino, na mambo ya kofia, miwani na mafuta ya jua mama aliyajua nje ndani. Ngozi ya kujivilia yenyewe hakuwahi kuisikia. Akamvaa mkwewe saluni, mbele ya wateja, akamwita mpiga wanawake. Kijana wa watu alifungasha nguo zake akaenda zake, na simu hapokei mpaka leo.

Juzi binti aling'olewa jino, damu ikakataa kukata. Mama alimshika mkono mpaka hospitali, na usiku kucha hakuuachia.

"Ualbino una aina nyingi," daktari aliwaambia asubuhi. "Hii ya binti yako ni nadra. Haiishii kwenye ngozi na macho, hata damu yake haigandi upesi. Akiguswa kidogo tu, anavilia."

"Bila kupigwa?"

"Hata akishikwa kwa mapenzi, mama."

Mama msusi akafunua shuka. Kwenye mkono alioushikilia palikuwa na madoa manne yaliyopiga weusi, na la tano upande wa pili, la dole gumba. Akaweka vidole vyake juu yake. Vikaenea sawasawa.

Binti alimtazama, shavu limevimba.

"Haya mama," akasema taratibu. "Na wewe tukufukuze?"