Klementina Kwenye Mayungiyungi

Klementina ndiye aliyepamba altare ya kanisa la kigango chao, kilometa chache kutoka Kaengesa. Kila mkesha wa sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni alishuka bondeni kuchuma mayungiyungi ya buluu, yanayoota kwenye maji ya kina kifupi. Kwa miaka yote hiyo maji hayakuwahi kumpita magoti.

Safari hii, maua ya pembeni yalikuwa yamekanyagwa na ng'ombe. Akasogea ndani hatua tatu. Ya nne haikugusa chini.

Tope lilimmeza mpaka kiunoni. Akivuta mguu wa kulia, wa kushoto unazama. Akashika mashina ya maua, yakakatika. "Jamani, nisaidieni!" Ndege tu wakaruka. Maji yakafika kifuani, baridi, pumzi zikawa fupi. Alianza Salamu Maria akaisahau katikati, yeye aliyefundisha watoto katekisimu.

Ndipo akamwona Limbu, mfugaji wa Kisukuma, amesimama ukingoni na ng'ombe wake. Mwezi wa tano Klementina alimshitaki kwa mtendaji wa kijiji kwa kuachia ng'ombe wale ulezi shambani mwake. Tangu hapo hawakusalimiana.

Limbu alimtazama, kisha akageuka.

Akiondoka, nani atajua?

"Limbu!"

Akasimama. "Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba. Mwanangu, nakufa."

"Usipige miguu! Lala chali. Hapa palinimezea fahali mwaka jana, nikimwona mpaka pembe zinazama."

Alifunga kamba shingoni mwa maksai wake mmoja, akatambaa kwa tumbo juu ya matete, akairusha. Ikafika pungufu. Maji yalikuwa kidevuni. Akairusha tena.

"Pitisha kwapani!"

Akampigia maksai mluzi. Kamba ikakata ngozi, Klementina akahisi nyonga zinaachana. Kisha tope likamwachia ghafla, na akaburuzwa hadi majanini akikohoa maji.

Limbu alikaa chini, meno yakigongana juani.

"Nilitaka kukimbia, mama," akasema. "Nisingeweza kuangalia tena. Uliponiita jina nikashindwa."

Klementina alimshika mkono, akaung'ang'ania, mpaka Limbu alipomwomba amwachie akawaite wanawake wa kigango waje kumbeba.

Wiki tatu baadaye, Klementina akioga kwa maji ya beseni, bado alikuwa anashika ukuta, asizame.